Jirani anapigwa, ploti nzima twasikia. Nifanye nini nisimzidishie?

jirani_wa_tatu (mleta uzi)

Asalaam aleikum wana barza, na wasiokuwa Waislamu hamjambo nyote.

Niko upande wa Kisauni, mtaa siutaji maana Mombasa hii watu wajuana. Twakaa nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo na bafu uani. Kuta hazikufika juu, kwa hivyo wa chumba cha kwanza akikohoa, wa chumba cha mwisho amwambia pole. Mkabala na mlango wangu wakaa mke na mume na watoto wao wawili. Mume ni kibarua bandarini. Mke hupika mahamri na mbaazi, huuza alfajiri hapo njiani, na hata ukimkopa hakudai kwa sauti.

Mume hupiga. Si kila siku. Hupiga malipo yakichelewa, na yakitoka pia hupiga. Sisi hufungulia redio. Naam, watu wazima, twafungulia redio ili watoto wetu wasisikie.

Wiki hii sauti yake ilikatika. Sisemi alinyamaza, ilikatika. Asubuhi mahamri hayakupikwa. Alipotoka uani kuteka maji alikuwa amejizungushia leso shingoni na joto lote hili, sauti imekauka, akaniambia ni mafua.

Mwenye nyumba nimemwendea: ati hayo ni ya mke na mume, wakizidi kelele atawatoa wote wawili. Mzee wa mtaa: aje mwenyewe mwenye kupigwa. Mwenye kupigwa naye aniambia, "Dada, usiniletee askari. Akifungwa, kodi utanilipia wewe?" Sikuwa na jibu.

Sasa nauliza, jirani kama mimi afanye nini hasa? Tafadhali msiniambie nimuombee. Namuombea.

Mwinyi_wa_Makupa

Bibi, ya ndani yaache ndani. Wagombanao ndio wapatanao. Utaita askari leo, kesho wamepatana wala sahani moja, na wewe ndiye utakayeitwa mchawi wa nyumba. Nimeyaona sana.

boda_kongowea

Mzee Mwinyi kwa heshima zako, na wale waliozikwa walipatana na nani? Tarehe 27 Januari 2024 wanawake waliandamana nchi nzima, hapa Mombasa pia, kwa ajili ya wenzao waliouawa. Wengi wa waliouawa hawakuuawa na majambazi wa njiani. Ni watu wao.

nesi_wa_usiku

Dada jirani, nimefika kwenye leso nikasimama. Hebu hayo mengine tuyaweke kando kwanza.

Mtu aliyekabwa koo mpaka sauti ikakatika si mtu wa kusubiri. Sisi tunaofanya kazi ya zamu tunawaona: anakuja na jambo jingine kabisa, mtoto ana homa au anataka dawa ya kichwa, na wewe unaona sauti imebadilika, anameza kwa shida, macho yana vidoti vyekundu. Mara nyingi shingoni hakuna alama yoyote. Watu hudhani hakuna alama hakuna jeraha. Mishipa ya damu ya shingo yaweza kuumia ndani, na mtu akapata kiharusi siku kadhaa baadaye akiwa anafua nguo zake. Kama ana mimba ni hatari mara mbili.

La pili, na hili nalisema bila kuzunguka: mume aliyefika kumkaba mkewe koo si sawa na aliyempiga kofi. Vyote viovu, lakini kukaba ni moja ya dalili kubwa kwamba siku nyingine ataua. Akipatana naye kesho, hatari hiyo haijaondoka.

Kwa hivyo jambo la kwanza si askari, si mzee wa mtaa. Ni hospitali. Mwambie tu, "Twende ukaangaliwe koo." Hayo ya kushtaki ataamua baadaye akiwa anapumua vizuri.

jirani_wa_tatu

Ahsante sister. Lakini si lazima kwanza apite kituo cha polisi achukue P3, ile fomu ya polisi ya kuandikiwa majeraha? Ndivyo tulivyozoea kusikia, kwamba bila P3 hospitali hawamgusi mtu.

nesi_wa_usiku

La. Matibabu hayasubiri karatasi ya polisi. Nenda hospitali kwanza, hata kama hujui utashtaki au hutashtaki. Coast General pale wana kituo cha kuwahudumia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia tangu 2007, kwa hivyo ukifika mapokezi usisimulie kisa mbele ya foleni nzima, omba tu uelekezwe huko. Aseme ukweli kwa daktari, kwamba alikabwa. Akisema mafua atapewa dawa ya mafua.

Na kwa kuwa uzi huu unasomwa na wengi, niongeze la ubakaji hapa hapa, maana saa ndizo huamua. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake, kisha humezwa siku 28. Za kuzuia mimba ni ndani ya saa 120, na mapema ni bora. Asioge. Asifue. Najua ni jambo gumu kumwambia mtu aliyetendewa vile asijimwagie maji, kitu cha kwanza mwili unachotaka ni maji, lakini maji huondoa ushahidi. Kama ameshaoga, aje vivyo hivyo, asikae nyumbani akidhani amechelewa.

Nguo zile ziwekwe kwenye karatasi. Bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi ule wa unga, gazeti pia sawa. Kila nguo peke yake, kama ina unyevu ianikwe kivulini kwanza. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku 2017 lakini bado watu wanayo chini ya godoro, na ndiyo wanayoikimbilia. Ndani yake nguo hutoa jasho, zikaota ukungu, na ushahidi ukaoza. Hospitali hujaza fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya kubakwa, nakala tatu. Hiyo ni tofauti na P3. Hakikisha imejazwa kabla hujaondoka, maana daktari anaweza kuhamishwa kituo na wewe ukabaki unamtafuta Turkana.

karani_mstaafu

Nilikaa mahakamani miaka mingi nikiandika ya watu, basi nami nichangie kidogo upande wangu.

P3 ni bure. Ukiambiwa kuna ya fotokopi, ya kalamu, ya chai ya mzee, jua hiyo si sheria. Ukiripoti, usitoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, iandike nyuma ya mkono kama huna karatasi. Vituo vingi siku hizi vina dawati la jinsia, na mlalamishi ana haki kutaka taarifa yake ichukuliwe na afisa wa jinsia yake. Huyu dada ana haki ya kuomba askari wa kike bila kujieleza.

Sasa lile alilokuuliza, kodi atalipa nani. Hilo ndilo swali la maana kuliko yote kwenye uzi huu na nashukuru hukumjibu kwa maneno mepesi. Wengi hudhani kuna njia mbili tu: avumilie au amfunge mume. Kuna ya tatu. Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inamruhusu aende kwa hakimu aombe amri ya ulinzi. Si lazima kuwe na kesi ya jinai. Hakimu anaweza kumwamuru mume asimguse, asimtishe, asikaribie anapouzia, na akiona hatari ni kubwa anaweza kumtoa mume kwenye nyumba akamwacha mke na watoto ndani. Amri ya muda yaweza kutolewa hata kabla mume hajaitwa kujibu. Akiivunja, huko kuivunja kwenyewe ni kosa la jinai, naye ashikwe.

Sheria hiyo haikuishia kwenye ngumi. Kumnyima mtu riziki, kumharibia mali, kumtukana, kumfuatafuata, hata wakwe kuingilia ndoa, yote yametajwa. Mume akimwaga unga wa mahamri kwa hasira, na hilo pia limo.

Mwinyi_wa_Makupa

Haya ni mambo ya Nairobi na wafadhili. Sisi tuna dini. Mume ana haki ya kumrudi mkewe.

Ustadh_Mtopanga

Mzee wangu Mwinyi, shikamoo. Naomba nikujibu kwa adabu kwa sababu umeitaja dini mbele ya watu.

Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi. Naye ndiye mfano wetu, si jirani wala babu. Akasema pia mbora wenu ni aliye mbora kwa watu wa nyumbani kwake. Mwenye kumkaba mkewe koo anatafuta ruhusa gani kwenye dini? Hakuna mwanachuoni wa madhehebu yoyote atakayempa.

Na kwa dada anayesoma akidhani amefungwa na nikahi mpaka kufa: mke anayedhurika ana mlango kwa kadhi, na madhara ni sababu inayosikizwa. Lakini mjue mpaka wa kadhi. Katiba, ibara ya 170, imempa ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Kupigwa na kubakwa si kwake, ni kwa hakimu. Nimewaona watu wakipeleka jinai kwa kadhi ili iishe kimya, na nimewaona wakirudishwa.

Mimi mwenyewe nachoka na sulhu za barazani. Wazee watano, kahawa, tende, mume anaambiwa "usirudie", mke anaambiwa "mvumilie", fatiha. Mke hakuulizwa hata mara moja.

Bi_Kisiwani

Wanangu salaam. Mimi mtu mzima wa Mji wa Kale, naandikiwa na mjukuu.

Ustadh amesema kweli, ila msitutupie sisi wazee wote kapu moja. Zamani hatukuwa na hizo nambari zenu lakini hatukukaa kitako pia. Nyumba moja tuliyokaa, likianza, mwanamke mmoja alitoka na sufuria akabisha mlango ule ule. "Hodi, hodi, mwanangu, una chumvi?" Mume akifoka humjibu, wabisha tena. "Chumvi kidogo tu, mchuzi uko motoni." Wa pili aja kuomba kaa la moto. Wa tatu aja kumuulizia mtoto wake kama yumo humo. Mpaka ukumbi umejaa wanawake na sufuria zao, na yule bwana, mbele ya mashahidi wote hao, hushusha mkono. Atakwambia nini? Mmekuja kuomba chumvi.

Hatukumshtaki, hatukumtukana. Na mke alikuwa na sababu ya kufungua mlango.

boda_kongowea

Shikamoo Bi Mkubwa. Hii ya sufuria nimeipenda wallahi.

sijatulia

Bi Mkubwa marahaba kwa hiyo. Kwangu walikuja hivyo hivyo, ila alikuwa fundi wa simu wa hapo chini aliyekuwa akipiga mlango kuuliza chaja yake. Niliokoka kwa chaja.

Lakini dada jirani, naomba usome haya kwa makini, nayasema kama mtu aliyetoka.

Usimuulize kwa nini hatoki. Kila aliyeniuliza hivyo niliacha kumwambia chochote. Anajua hesabu zake kuliko wewe: nani atamuazima jiko, mtoto anasoma wapi, mamake ana presha, mume anajua kwa nani atakimbilia. Na saa ya kutoka ndiyo saa mbaya. Mume anayehisi mke anafungasha huwa mkali kuliko siku zote. Kwa hivyo msimharakishe, na msimtangaze.

Kilichonisaidia ni bahasha. Jirani alinishikia bahasha kwake, ndani ya pipa la mchele, na kila nilipopata nafasi nikaingiza kitu: nakala ya kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, picha za majeraha zilizochapishwa kwa sababu simu yangu alikuwa akiipekua, na noti moja moja ya nauli. Nilimwachia pia dera moja na sare za mtoto. Namba ya siri ya M-Pesa nilibadilisha mwisho kabisa, siku ile ile, maana ukibadilisha mapema anakuuliza kwa nini. Hakikisheni simu haimwonyeshi mume yuko wapi. Yangu ilikuwa ikimwonyesha na sikujua.

Tukawa na neno letu. Nikimtuma mtoto akaombe "ndimu mbili", jirani anajua apige simu. Ndimu moja ilikuwa ndimu.

Nilipoenda kuripoti, kituo kimoja (sikitaji) waliniambia nirudi na mume wangu ili "tusikizwe pande zote mbili". Nikaondoka. Nambari iliyonisaidia ni 1195, haina malipo, saa yoyote. Waliniambia niende wapi na niombe nini, na aliyenipokea kule alinijua kabla sijafika. Ya watoto ni 116. Nyumba za hifadhi zipo lakini ni chache, wala hazitangazwi, kwa hivyo msitarajie mtu awape anwani hapa.

Mtu_wa_Gati

Naomba kuuliza na msinicheke. Kwani haya yote ni ya wanawake tu? Mimi mke wangu amenimwagia uji wa moto. Nilisema kazini, wakanipigia makofi, jina langu sasa ni Uji.

Mwinyi_wa_Makupa

Hahaha Uji!

msimamizi

Mwinyi, hiyo ni onyo. Anayefuata kumcheka mtu aliyeumizwa atatolewa kwenye uzi.

nesi_wa_usiku

Kaka wa Gati, pole. Si ya wanawake tu. Ule utafiti wa taifa wa afya ya jamii wa 2022 ulikuta asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamepitia dhuluma ya kupigwa tangu wafike miaka 15. Wanaume walikuwa asilimia 27. Hospitali ni ile ile, fomu ni ile ile, 1195 ni ile ile. Uji wa moto ni jeraha la moto, kaangaliwe hata kama limepona juu. Na sheria ya 2015 aliyoitaja karani haikuandikwa kwa wake peke yao, ukihitaji amri ya ulinzi utapewa.

Mtu_wa_Gati

Ahsante. Nitaenda.

mama_chaani

Samahani naingiza jambo jingine lakini linakaribiana. Mtoto wa dada yangu, miaka 14, amenajisiwa na mtu wa ukoo. Wazee wamekaa, mtu huyo amekubali kulipa, wamesema akishamaliza kulipa basi na kesi imekwisha, mtoto apelekwe bara kwa nyanya yake akasahau. Dada yangu amekubali kwa sababu ya aibu. Mimi sikubali ila mimi ni mdogo kwao, wananiambia sina mtoto wa kike sijui uchungu. Wakishapatana, mimi bado naweza kufanya kitu?

karani_mstaafu

Mama Chaani, waweza, na fanya leo.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haiwapi wazee mamlaka ya kufunga hii kesi. Haimpi chifu, haimpi baba, haimpi hata mama wa mtoto. Kifungu cha 40 kinasema uamuzi wa kuacha uchunguzi au mashtaka ni wa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali peke yake, ambaye sasa ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Wazee wakila pesa hizo, wamekula tu, kesi iko pale pale. Kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15 kifungo ni kuanzia miaka 20. Chini ya hapo ni maisha.

Watakwambia hakuna shahidi. Kwenye makosa ya kingono mahakama yaweza kutia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, mradi hakimu ameridhika kwamba mtoto asema kweli na ameandika sababu zake. Nimeyaandika mimi mwenyewe maneno hayo kwenye faili.

Watakwambia pia mtoto atadhalilishwa mahakamani. Hofu hiyo ina msingi, nilikuwa nikiwaona wakitetemeka kizimbani huku mshtakiwa amewakodolea. Ndiyo maana ile mahakama ya Shanzu ilifunguliwa 2022 na Jaji Mkuu Martha Koome, ya kwanza nchini kwa kesi za aina hii peke yake. Mtoto aweza kutoa ushahidi bila kukaa uso kwa uso na mtu huyo, na watu wasiohusika hutolewa chumbani.

Mtoto ameshapelekwa hospitali?

mama_chaani

Bado. Ni wiki iliyopita. Walisema wakimpeleka habari itatoka.

nesi_wa_usiku

Mpeleke hata sasa. Saa 72 zimepita, ndiyo, lakini bado kuna mengi: vipimo, mimba kuangaliwa, majeraha, magonjwa mengine ya kutibu, na kuzungumza na mshauri. Na rekodi ya daktari itakayoandikwa leo ni bora kuliko isiyoandikwa kabisa. Piga 116 ukiwa njiani, watakuunganisha na afisa wa watoto. Usimhoji mtoto wewe mwenyewe tena na tena, amwambie mtu mmoja anayejua kazi hiyo.

Ustadh_Mtopanga

Na huko bara asipelekwe. Mtoto akihamishwa, kesi hupotea naye, na mwenye kosa hubaki hapa akiswali nasi safu ya mbele.

boda_kongowea

Nirudi kwa mleta uzi. Karani na sister wamesema ya baada ya kupigwa. Mie nauliza ya kabla. Huyu bwana ana marafiki. Anakaa maskani fulani, anacheza bao na watu. Sisi wanaume tunajua. Tukiwa stejini mtu anasema "jana nilimtia adabu", tunacheka, tunaendelea kuosha pikipiki. Hapo ndipo pa kushika. Stejini kwetu tulikubaliana mtu akisema hivyo hatucheki, tunamuuliza, "Ulimtia adabu vipi? Mtoto alikuwa wapi?" Inakuwa kimya kibaya. Wawili waliacha kusema. Sijui kama waliacha kupiga.

sijatulia

Sawa boda, lakini kwa huyu bwana hasa, mtu yeyote asimwendee akimwambia "tumesikia unampiga mkeo". Atauliza nani kasema, na jibu atalitafuta kwa mkewe usiku huo. Kama rafiki yake atazungumza naye, azungumze aliyoyasikia kwa masikio yake, si ya kuambiwa.

Mwinyi_wa_Makupa

Mimi nimesoma yote. Sikujua la koo. Binti yangu mkubwa ameolewa Likoni, na mara ya mwisho alikuja na mtandio umebana shingoni. Sister, nikimpigia simu sasa nimuulize vipi bila mumewe kujua?

nesi_wa_usiku

Mzee, usimuulize kwenye simu, yaweza kuwa imewekwa sauti ya nje. Mwambie mamake hajisikii vizuri, aje amwangalie. Akifika, ndipo umuulize, na mkae mamake na yeye, wewe ukae nje ya mlango.

Mwinyi_wa_Makupa

Nimeelewa. Navuka feri nikamlete.

jirani_wa_tatu

Wana barza, habari kidogo.

Nilimkuta uani peke yake akiosha karai. Sikumuuliza kwa nini hatoki. Nilimwambia tu kuna mtu amesema sauti kukauka hivyo si mafua, na mimi nina safari ya Coast General kuchukua dawa za mamangu, twende pamoja. Alinyamaza mpaka karai likang'aa. Kisha akasema watoto watashinda na nani. Nikasema na Mama wa chumba cha tano. Tulienda. Alimwambia daktari ukweli, mimi nilikaa nje. Amepigwa picha ya shingo, Alhamdulillahi mishipa iko salama, ila wamemwambia arudi. Mambo yameandikwa.

Polisi hataki bado. Amri ya ulinzi aliposikia kwamba mume aweza kutolewa yeye akabaki, alinitazama sana, akaniuliza mara mbili kama ni kweli. Karani, anataka kujua kama kuna mwanasheria wa bure.

Wanawake wa ploti tumekaa. Sufuria ni ya chumba changu, kaa la moto ni la chumba cha tano, na wa chumba cha kwanza ndiye mwenye kupiga simu. Mwenye nyumba tumemwambia wote kwa pamoja kwamba akimtoa yule mama, vyumba vinne vitahama. Amesema hakuwa na maana hiyo.

karani_mstaafu

FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi hapa Mombasa, na shirika la Kituo cha Sheria pia. Ombi la amri hupelekwa mahakama ya hakimu. Aende na rekodi ya hospitali na kitambulisho, na kama mko tayari, mmoja wenu awe shahidi wa yale mliyoyasikia. Mkisema mlifungulia redio, semeni hivyo hivyo kwa hakimu, ataelewa.

jirani_wa_tatu

Mimi nitasimama. Swali la mwisho, kama ikibidi aondoke kwa haraka kabla ya amri, ana ndugu yake wa kiume upande wa

[Sehemu hii imefutwa na msimamizi]

boda_kongowea

Asipande matatu ya hapo, makanga wanamjua mumewe. Mie nitamchukua mwenyewe, bure, kutoka

[Sehemu hii imefutwa na msimamizi]

msimamizi

Nimefuta mahali na njia kwenye jumbe mbili za mwisho. Uzi huu unasomeka na kila mtu, na bandarini watu wana simu. Boda, jirani, zungumzeni kwa ujumbe wa faragha. Mama Chaani, tunakungojea utuambie mmefika hospitali, ila jina la mtoto na shule usitaje.

mama_chaani

Tumefika. Tuko kwenye foleni, dada yangu amekuja naye.